Jina la Kibingo

Jumanne, 3 Septemba 1996

Mashine imefika leo, imezungushiwa magodoro mawili nyuma ya lori la saruji. Kompyuta moja, modemu moja, redio kol moja, betri mbili za gari na sola. Fundi wetu Melkiory amekaa juu ya bati tangu asubuhi akifunga waya wa antena kati ya mikaratusi miwili, huku akiimba nyimbo za jeshi. Alikuwa mpiga redio wakati wa vita vya Kagera, na tangu hapo haamini chombo kisichokwaruza masikio.

Mimi ndiye msajili. Kamati imenichagua, na sababu naijua. Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyenifanya nibadili tarehe kwenye jalada, si kwa machozi wala kwa kuku. Mwenyekiti alisema mbele ya watu wote, "Ma Deodatha ana roho ngumu, lakini daftari lake limenyooka." Nimeipokea kama sifa.

Jumamosi, 7 Septemba

Mgeni kutoka Dar es Salaam ametufundisha siku tatu, leo ameondoka. Nitaandika nilivyoelewa kabla sijasahau.

Barua inaandikwa kwenye kompyuta, redio inaibeba, na inafika Ngara au Ulaya kabla chai haijapoa. Lakini ili ifike, kila stesheni lazima iwe na jina, na jina lisifanane na la mwingine. Jina linasomwa kutoka kulia: kwanza nchi, kisha tawi letu la Karagwe, mwisho stesheni yenyewe. Dar wanayo orodha kubwa, na sisi wametukatia tawi letu tulitunze. Anayetafuta Kibingo atauliza Dar, Dar watamwambia kaulize Bweranyange, na Bweranyange ni mimi na daftari langu. Nikiandika vibaya, mtu huyo hayupo duniani.

Kanuni nimeziandika kwa mkono na kuzibandika ukutani. Ya kwanza: jina ni la aliyewahi. Ya pili: jina moja, stesheni moja, mlezi mmoja. Ya tatu: kila Jumatano saa nne asubuhi nitaita majina yote kwenye redio, na stesheni itakayokosa miito mitatu mfululizo itafutwa, jina lipewe anayefuata kwenye foleni. Ya nne: msajili hasomi barua za watu, anaona zilikotoka na zinakokwenda, basi.

Hiyo ya tatu ni yangu mwenyewe. Mgeni alitaka jina likae mwaka mzima kabla ya kufutwa. Nikamwambia kwa mwaka mzima, huku kwetu, mtu ameshang'oa miramura, ile miti ya mpaka, mara mbili na kupanda migomba juu yake. Akacheka, akakubali.

Jumatano, 11 Septemba

Mwito wa kwanza. Stesheni saba, zote zimeitika. Kamugisha, mganga wa zahanati ya Kibingo, yeye mashine amefungiwa nyumbani kwake kwa sababu ndiyo nyumba yenye kufuli la maana. Nilipoita akajibu, "Kibingo yupo! Shikamoo Ma! Habari za huko, na mvua je?"

"Marahaba. Hewani tunasema yupo, basi. Salamu andika barua."

Nikazisikia stesheni zote sita zikicheka kwa pamoja. Na wacheke.

Jumanne, 17 Septemba

Amekuja Mwalimu Elpidius, mkuu wa shule ya ufundi upande wa Rugu. Amevaa tai. Shule yake iko kwenye kilima ambacho nacho kinaitwa Kibingo, na anadai kiliitwa hivyo kabla kile cha Kamugisha, upande wa Kyerwa, hakijaota hata tete moja la kukipa jina. Wafadhili wake wanamjua kwa jina hilo. Amebeba barua tatu zenye mihuri.

Nikamfungulia daftari. Kamugisha alijiandikisha tarehe nane, yeye amekuja tarehe kumi na saba.

"Siku tisa tu, Mama!"

"Hata ingekuwa saa tisa, Mwalimu."

Nimemwandika kwa jina lingine, Ufundi Rugu, na kumweka wa kwanza kwenye foleni ya Kibingo. Ameondoka amenuna. Mtu wa majivuno yule.

Jumatano, 25 Septemba

Wote wapo, na sasa ni wanane.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua za vuli zimeshika. Asubuhi tumemzika jirani yetu Eustadia, ameacha watoto wanne. Huyu ni wa sita tangu Pasaka, na sote tunajua ni ugonjwa gani ingawa padri alisema malaria. Kesho watu wanapanda maharage.

Zamani tungekaa naye siku nne, tumelala kwenye majani yaliyotandazwa sebuleni, na hakuna ambaye angegusa jembe wala chombo chochote cha kazi. Mwaka juzi mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema tukiendelea hivi tutalima lini, maana siku za msiba zimeshapita siku za kazi. Wazee walinung'unika, lakini walipiga kura. Sasa ni siku moja, ya maziko. Mama yake Eustadia leo amenitazama vibaya kaburini. Najua anavyoniona, na bado nasema tulifanya vizuri.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kamugisha amekuja kuchukua betri. Amekonda, koti linaning'inia. Nikamwambia ale matoke aache kuhesabu dawa za wenzake, akacheka, akakohoa kwa muda mrefu.

Amekuja na mwanamke mmoja, Therese Nyirabageni. Alivuka mto kutoka Rwanda akiwa msichana, miaka ile ya sitini, na tangu hapo yuko Kibingo akipalilia kahawa za watu. Amejenga, ana kibanja kidogo, anasali Kikatoliki. Binti yake Speciose aliolewa upande wa pili wa mto mwaka 1989. Ilipotokea ile ya mwaka 1994 hakumsikia tena. Mwezi wa sita mfanyabiashara mmoja wa nguo alimwambia amemwona kwenye kambi za Ngara, hai, ila hajui ni kambi ipi.

"Kwenda siwezi," alisema. "Nilijaribu mwezi wa saba, kwenye kizuizi cha barabara wakaniuliza karatasi. Sina karatasi. Naye kutoka kambini hawezi."

Kamugisha ameeleza kwamba kule Ngara yuko karani wa kutafuta ndugu waliopotezana, na ana mashine kama yetu. Ndugu akipatikana na kijiji kikithibitisha kwamba mwenyeji yupo na anampokea, mkimbizi huandikwa kwenye orodha ya wenye ndugu nchini na huletwa kwa gari. Kwa hiyo tumeandika barua hapahapa, Therese akisema na Kamugisha akipiga mashine kwa vidole viwili: "Mimi Therese Nyirabageni wa Kibingo namtafuta mwanangu Speciose Nyirabahire. Nipo. Nina nyumba. Aje."

Therese akaniuliza, "Mama, na jibu litanionaje mimi, huko shambani?"

"Litafuata jina. Litakwenda Kibingo kwa Ta Kamugisha, naye atakuita."

"Na jina likipotea?"

Nikamwonyesha daftari, mstari wa nne, Kibingo, tarehe, sahihi. Nikamwambia, "Likiwa humu haliendi popote." Akaweka kidole juu ya mstari ule, na sidhani kama anajua kusoma. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jumatano, 23 Oktoba

Wote wapo. Kibingo ameitika kwa sauti ndogo. Nilimwuliza kama betri imeisha, akasema, "Si betri, Ma."

Jumatano, 30 Oktoba

Kibingo kimya. Wengine wapo.

Jumamosi, 2 Novemba

Daraja la kwenda upande wa Kyerwa limechukuliwa na maji. Magari hayapiti.

Jumatano, 6 Novemba

Kibingo kimya. Ni mara ya pili. Nimeliita jina mara tano badala ya tatu za kawaida, na hilo halimo kwenye kanuni.

Melkiory anasema pengine antena imeanguka. Nikamjibu antena ikianguka mtu huisimamisha, waya ni waya. Tatizo la Kamugisha ni uzembe wa watu wapole. Wanapendwa na kila mtu kwa hiyo hawajifunzi kushika saa. Nimefanya kazi na mahakimu wa namna hiyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Senene wameshuka. Hakuna aliyekuja ofisini, na mimi mwenyewe nimejaza ndoo. Nimekaanga hadi mikono inanuka.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeita Kibingo tangu saa nne kamili hadi saa nne na nusu. Kimya. Hiyo ni mara ya tatu.

Melkiory alivua kofia. "Ma, tungoje. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Nimengoja majuma matatu."

"Daraja limekatika. Hatujui kuna nini kule."

"Mashine haipiti darajani, Melkiory. Ndiyo maana tukaileta. Mtu anahitaji kubonyeza kitufe na kusema neno moja. Hata mkewe angeweza. Asiyekuwepo na lake halipo."

Ameketi mlangoni akitazama mvua, nami nimekasirika naye mchana kutwa, kwa sababu gani sijui.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefuta Kibingo. Nimepiga mstari mmoja kwa rula, nikaandika tarehe na sababu: miito mitatu. Nimepeleka taarifa Dar, wakajibu ndani ya saa moja kwamba wameona. Kisha nimeliandika upya, Kibingo, mlezi Elpidius, Rugu. Kwenye redio alikuwa na furaha ya mtoto. Alisema, "Mama, wewe ni mtu wa haki." Mwezi Septemba sikuwa mtu wa haki.

Yule mama Therese alinijia kichwani. Nikajiambia daraja likitengenezwa watakuja wenyewe kulalamika, na hapo wataandikishwa kwa jina lingine. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumatano, 20 Novemba

Wote wapo. Inapendeza daftari lisipokuwa na pengo.

Jumatano, 27 Novemba

Wote wapo. Barua kumi na nne zimepita leo. Moja imetoka Ngara kwenda Kibingo. Sikuisoma, kanuni ya nne. Mvua ya mawe jioni, imechana migomba.

Jumatano, 4 Desemba

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Baada ya mwito aliingia mwanamke amenyoa kichwa, miguu ina matope hadi magotini. Nilimtambua aliposalimia. Ni Kokuberwa, mke wa Kamugisha.

"Shikamoo Ma. Tumekuja kufungua."

"Kufungua nini?"

"Mashine. Tumewasha juzi, inatukataa. Inasema jina lina mwenyewe."

Nikamwuliza mume wake yuko wapi. Bado nilikuwa na ukali kwenye sauti, nakumbuka vizuri, nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Kamugisha kuhusu kushika saa.

"Tulimzika tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa kumi," alisema.

Akaeleza akiwa amesimama, alikataa kiti. Kamugisha alifariki Jumatatu, mwito wangu wa kwanza usiojibiwa ukawa Jumatano, siku ya pili ya matanga. Kabla majani hayajatolewa nje, mama yake mzee naye akafa, wanasema kwa huzuni. Wakaanza kuhesabu upya. Kisha kaka yake, ambaye alikuwa kitandani tangu Agosti kwa ugonjwa uleule. Misiba mitatu nyumba moja, na katikati yake walimngoja mkubwa wa ukoo aje kutoka Mwanza kuwaondoa watu matangani, naye daraja likamzuia upande wa pili hadi maji yalipopungua akavuka kwa miguu. Watu wa kitongoji kizima hawakushika jembe mwezi mzima. Maharage yao hayakupandwa.

"Na hakuna aliyeweza kubonyeza kitufe?" niliuliza. "Neno moja tu, Kokuberwa. Yupo."

Alinitazama kana kwamba nimesema kitu cha aibu. "Mashine iko sebuleni, Ma. Waombolezaji walilala sebuleni. Redio aliiacha ikiwaka, tulikuwa tunakusikia ukiita. Tulikusikia kila Jumatano, Kibingo, Kibingo, na wote tumelala kwenye majani. Lakini ile ni chombo cha kazi. Nani ashike chombo cha kazi na msiba umo ndani?"

"Kwetu hapa..."

"Kwenu mlipunguza, tulisikia. Sisi hatujapunguza."

Melkiory alitoka nje. Mimi nilibaki na daftari lililofunguliwa mbele yangu. Miaka yote nimekuwa Mnyambo, nimelala kwenye majani ya msiba tangu sijui kutembea, na haikunijia hata mara moja kwamba kimya kile kilikuwa msiba. Kwa sababu tulipiga kura hapa Bweranyange, mimi nikadhani dunia nzima imepiga kura. Naona haya, na naandika kwamba naona haya.

Kisha akasema lile lililomleta kwa haraka. "Na Therese anauliza kila siku kama jibu la mwanawe limekuja. Tulimwambia lingoje matanga yaishe."

Nikarudisha kurasa. Tarehe ishirini na saba Novemba, kwa mwandiko wangu mzuri: moja imetoka Ngara kwenda Kibingo.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwita Elpidius kwenye redio tangu juzi bila kumpata, kwa sababu alikuwa safarini. Leo nimepanda lori la kahawa hadi Rugu, nikamkuta shuleni akisahihisha mitihani. Hakuwa na tai. Nilimwuliza kama alipokea barua ya Ngara.

Alikwenda kabatini, akaleta nakala. Ameziweka kwa tarehe, kila moja na jibu lake nyuma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu huyu anafanana na mimi. Barua ilisema: Speciose Nyirabahire amepatikana kambini, yeye na mtoto mchanga. Je, mama yake Therese yupo Kibingo, na atawapokea? Jibuni kabla ya tarehe tano Desemba.

Tarehe tano ilikuwa jana.

"Nilijibu siku ya tatu," alisema. "Sikujibu ovyo, Mama. Nilituma wanafunzi kwenye vitongoji vyote vitatu vya kilima hiki. Niliuliza kanisani baada ya misa ya alfajiri. Hakuna anayemjua Therese huyo. Nikajibu kwa ukweli."

Jibu lilikuwa mstari mmoja: Kibingo tunathibitisha kwamba mtu huyo hayupo hapa wala hajulikani.

"Nilikosea?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Hukukosea popote."

Nikamweleza. Alikaa chini kwenye dawati la wanafunzi, dogo kwake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye juu ya jina, nimebeba hata nakala ya kanuni, lakini kabla sijasema akachukua karatasi akaandika kwamba anarudisha jina la Kibingo kwa wenyewe, leo hii, bila masharti. Nilipokuwa nangoja lori la kurudi alikuja mbio barabarani akaniuliza kama anaweza kufanya jambo lingine.

Jioni redio ya taifa imetangaza. Wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe thelathini na moja mwezi huu.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimeandika Ngara. Nimeandika kwamba kosa ni la msajili, jina liliwekwa mahali pasipo pake, Therese yupo, ana nyumba, anawapokea binti na mtoto. Nimeituma mara tatu. Kokuberwa amerudi Kibingo kwa miguu na jina lake kwenye karatasi.

Jumatatu, 9 Desemba

Hakuna jibu.

Jumanne, 10 Desemba

Hakuna. Mvua.

Jumatano, 11 Desemba

Nimeita majina. Wote wapo, na Kibingo yupo, sauti ya Kokuberwa. Hakuna jibu la Ngara. Nimetuma tena.

Ijumaa, 13 Desemba

Limekuja saa tano asubuhi. Nimelisoma mwenyewe, kanuni ya nne na iende zake.

"Binti huyo alikuwa kwenye orodha ya wenye ndugu nchini. Kwa jibu la Kibingo la tarehe thelathini tulimwondoa kwenye orodha. Jana watu wa kambi yake wametoka wote kwa miguu, wengine wamekwenda msituni, wengine kuelekea daraja la mpaka wa Rwanda. Hatujui yeye amekwenda na kundi lipi. Poleni. Tunazima mashine leo."

Melkiory alisoma juu ya bega langu. Nilingoja aniambie kwamba aliniambia. Alikwenda kunichemshia chai na akaweka sukari nyingi, nami nikainywa yote.

Jumatatu, 16 Desemba

Wanapita pia huku kwetu, wale wa kambi za karibu. Barabara imejaa tangu alfajiri, mikeka kichwani, masufuria, vikongwe kwenye baiskeli. Nilisimama kando na kila mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni nilimwita, Speciose. Nimeita hadi sauti imekauka. Mmoja aligeuka, akaniambia kwa Kiswahili kizuri, "Si mimi, mama," akaendelea.

Alhamisi, 19 Desemba

Daraja la Kyerwa limetengenezwa tangu Jumanne. Magari yanapita. Sikwenda Kibingo. Nimejiambia nina homa, na homa sina.

Jumapili, 22 Desemba

Sikwenda.

Jumanne, 24 Desemba

Therese amekuja mwenyewe.

Nilikuwa peke yangu, Melkiory amekwenda kununua nyama ya sikukuu. Alisimama mlangoni na mwavuli uliovunjika, amevaa gauni la kanisani, na kwenye kikapu alikuwa na kanga ndogo mbili, mpya, hazijakatwa. Kokuberwa alimwambia kwamba binti ana mtoto mchanga. Hakumwambia zaidi, alimwambia mengine aje ayasikie kwangu. Hilo ni haki yake Kokuberwa kulifanya.

Nilimpa kiti na kahawa za kutafuna kama mgeni. Hakutafuna, alizishika mkononi.

Nikamwambia. Sikuficha hata moja: msiba wa Kamugisha, miito mitatu, rula, Elpidius, vitongoji vitatu, tarehe tano, kambi tupu. Nimesoma hukumu nyingi mahakamani mbele ya watu waliokuwa wakilia na sauti yangu haikuwahi kuyumba. Leo iliyumba.

Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayejifunza njia, "Kwa hiyo Speciose alisoma kwamba mimi sipo."

"Alisomewa, pengine. Ndiyo."

"Kwamba hapa Kibingo sijulikani."

"Ndiyo."

"Miaka thelathini na mitano." Aliangalia mikono yake. "Na mwalimu yule alijibu kweli?"

"Alijibu kweli."

"Na aliyempa jina letu?"

"Ni mimi, Therese. Nilikuahidi haliendi popote, kisha nikalitoa kwa mkono wangu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Alitoa zile kanga kikapuni akaziweka juu ya meza, akazikunjua, akazikunja tena. Nje kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya Krismasi.

Kisha akaniuliza, na hakukuwa na hasira kwenye swali lake, ndiyo maana siwezi kulala nalo.

"Mama, wewe ndiye mwenye kanuni. Maiti sijaiona. Barua hakuna. Nikikaa matanga nitakuwa nimemzika mwanangu akiwa hai njiani. Nisipokaa, na amekufa, nimemtupa kama mnyama. Majirani wameshaleta majani, wameyaweka nje ya mlango, wananingoja niseme. Nikawaambie nini? Niyatandaze, nisiyatandaze?"

Niliangalia ukutani, kanuni nne, mwandiko wangu.

"Nipe basi tarehe," alisema. "Wewe huwa unatoa tarehe."

Jumatano, 25 Desemba

Therese bado yupo hapa. Ameketi kwenye benchi, mgongo umeegemea ukuta, anangoja nimjibu. Saa nne imepita na sijaita majina.